Taa ya Injini Inayowaka na Kuzimika kwenye Pikapu ya Dizeli: Namna ya Kuisaka Hitilafu

Taa ya injini ikizimika yenyewe, usidhani gari limepona. Kompyuta ya injini ina kanuni zake. Hitilafu nyingi haziwashi taa mpaka zionekane katika safari mbili zinazofuatana, na taa ikishawaka huzimwa baada ya safari tatu mfululizo ambazo kipimo kilekile kimerudiwa na kufaulu. Msimbo wa hitilafu hubaki kwenye kumbukumbu hata taa ikiwa imezimika, na kwa kawaida hufutika baada ya injini kupata moto na kupoa mara 40 bila tatizo kurudi. Katika magari mengi, hitilafu za umeme kama waya uliokatika au uliogusana na bodi huwasha taa papo hapo bila kusubiri safari ya pili.

Kwa hiyo taa unayoiona asubuhi huenda imetokana na jambo lililodumu sekunde mbili jana jioni, pikapu ikiwa imepakia na inapanda mlima. Ukifungua boneti sasa, injini imepoa na gari limesimama, hutaona kitu. Hapo ndipo watu huanza kununua sensa (vihisi vya injini) moja baada ya nyingine, na taa inarudi vilevile. Hitilafu ya kuja na kuondoka hukamatwa kwa kujua hali ya gari ilivyokuwa dakika ile, kisha kuirudisha hali hiyo kwa makusudi huku unapima. Kwenye pikapu, msako huu mara nyingi huishia kwenye plagi (viungio vya nyaya), waya, ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye betri) au mpira wa hewa, kwa sababu chesisi yake hujipinda ikibeba mzigo, barabara mbovu huitikisa, na matope huingia kila mahali.

Wakati wa kusimama na wakati wa kuendelea

Taa ya njano iliyowaka bila kupepesa, gari likiwa na nguvu zake zote, inakuruhusu kumaliza safari kwa mwendo wa kawaida. Taa nyekundu ya oili au ya joto la injini ni jambo lingine: zima injini hapohapo. Ikiwa taa inapepesa, au gari limekosa nguvu ghafla na kutoa moshi mzito, punguza mzigo kwenye injini na utafute mahali salama pa kusimama. Baadhi ya magari ya dizeli hutumia pia taa ya hita plagi, ile yenye alama ya koili, kutangaza hitilafu ya injini ikipepesa wakati wa mwendo, hivyo usiidharau kwa kuwa tu injini ilikwisha kuwaka.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. Mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye injekta hubeba dizeli kwa shinikizo linaloweza kupita bar 1,600. Usilegeze nati yake injini ikiwa inanguruma, wala usitafute mvujo kwa kupapasa na mkono. Dizeli ya shinikizo hilo hupenya ngozi, tundu lake ni dogo kama la sindano, na aliyechomwa anatakiwa kwenda hospitali papo hapo hata kama hasikii maumivu. Pili, usichomoe plagi za injekta injini ikiwa inafanya kazi. Nyaya zake hubeba volti nyingi kuliko za betri, na kwenye injekta za aina ya piezo unaweza kuiua injekta yenyewe.

Vifaa

Unahitaji skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, inayoonyesha data hai na inayoweza kuirekodi, si ile ya kusoma na kufuta tu. Ikiwa inafahamu misimbo ya mtengenezaji wa gari lako, yaani ile inayoanza na P1, ni bora zaidi. Ongeza multimita (kipima umeme), balbu mbili za volti 12 zilizounganishwa nyaya (moja ya wati 21, nyingine ya wati 5), sprei ya kusafishia miguso ya umeme, chupa ya kupulizia maji, kipande cha mpira wa plastiki unaopitisha mwanga na usioharibiwa na dizeli, tochi, na daftari. Daftari ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani.

Hatua ya 1: Soma, andika, usifute

Chomeka skana kwenye soketi ya OBD2, ambayo huwa chini ya dashibodi upande wa dereva, kisha fungua swichi (ufunguo kwenye ON) bila kuwasha injini. Andika misimbo yote: iliyothibitishwa na ile inayosubiri kuthibitishwa. Katika hitilafu za aina hii, inayosubiri mara nyingi ndiyo yenye habari, maana imetokea mara moja tu na bado haijawasha taa.

Halafu fungua ukurasa ambao skana nyingi huuandika Freeze Frame. Ni picha ya hali ya gari wakati msimbo ulipoandikwa: mizunguko ya injini, mwendo, joto la maji, mzigo wa injini, shinikizo la hewa au la mafuta. Nakili namba zote. Picha inayosema mizunguko 2,600, mzigo asilimia 92 na joto la maji nyuzi 90 inakuambia uende kwenye mlima na mzigo. Picha inayosema mizunguko 0 na joto nyuzi 18 inakupeleka kwenye betri na kuwasha asubuhi.

Ukifuta msimbo kabla ya kunakili, picha nayo inakwenda. Kuchomoa betri kunafanya hivyohivyo katika magari mengi. Fundi anayeanza kwa kufuta ili aone kama itarudi amechoma barua kabla ya kuisoma.

Ukikuta misimbo mingi kwa pamoja, kwa mfano ya turbo, ya kanyagio na ya shinikizo la mafuta, usiihesabu kama hitilafu tatu. Tafuta wanachoshirikiana: ethi moja, fyuzi moja, au ile volti 5 ambayo kompyuta huigawa kwa sensa kadhaa. Sensa moja ikivuta volti hiyo chini kwa kugusana ndani, majirani zake wote hudanganya pamoja nayo. Misimbo P0642 na P0652 huelekeza hukohuko. Kupima: weka multimita kwenye waya wa volti 5, kisha chomoa sensa moja moja zinazoshiriki waya huo, swichi ikiwa wazi na injini imezimwa. Ile ambayo ukiichomoa volti zinarudi 5, hiyo au waya wake ndiyo yenye kosa.

Hatua ya 2: Betri, chaji na ethi

Hapa ndipo muda mwingi huokolewa. Kompyuta ya dizeli ni nyeti kwa volti, na stata ya dizeli hula umeme mwingi.

1. Betri iliyopumzika saa kadhaa isome takriban volti 12.6. Chini ya 12.2, ichaji kwanza na upime upya kabla ya kulaumu kitu kingine.
2. Wakati stata inazungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6.
3. Injini ikiwaka, chaji iwe kati ya volti 13.8 na 14.7. Magari yenye alteneta inayoongozwa na kompyuta yanaweza kutoka nje ya hapo kwa muda, kwa hiyo angalia mara kadhaa.
4. Geuza multimita iwe ya AC (mkondo geu) na upime kwenye vichwa vya betri injini ikinguruma na taa kubwa zimewashwa. Ukiona zaidi ya volti 0.5 za AC, dayodi za alteneta zinakufa, na kelele hiyo ya umeme huvuruga sensa bila mpangilio wowote.
5. Irudishe kwenye DC (mkondo mnyoofu). Shika ncha moja ya multimita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.3, waya wa ethi wa injini una tatizo.

Kipimo cha tano kirudie kati ya betri na kebini, kisha kati ya betri na chesisi, safari hii injini ikiwaka na taa, feni na kiyoyozi vikiwa vimewashwa. Kebini ya pikapu imekaa juu ya raba, na injini nayo imekaa juu ya raba, kwa hiyo umeme wa kurudi hauna njia ila zile nyaya za ethi zilizosukwa. Zikioza ndani ya suko lake, kwa nje huonekana nzima. Legeza boliti, piga msasa chuma mpaka king'ae, kaza, kisha paka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa.

Wakati uko hapo, fuatilia kila waya usio wa kiwandani: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, taa za ziada, waya za kuvutia trela. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe kwenye waya wa swichi ni mtuhumiwa wa kwanza kabisa.

Hatua ya 3: Nyaya na plagi za mfumo uliotajwa na msimbo

Fuata nyaya kutoka kwenye sensa kurudi nyuma, na uangalie mahali pale ambapo mambo huharibika: zinapopinda kwenda kwenye injini (injini hutikisika, kebini haitikisiki), zinapopita juu ya ukingo wa chesisi, karibu na ekzosi, chini ya kisanduku cha betri, na nyuma ambako nyaya za tanki hupita kati ya chesisi na bodi ya mzigo. Panya hupenda juu ya injini palipo na joto. Kinyesi chake na vipande vya utepe ni ushahidi.

Chomoa plagi na uitazame kwa tochi. Rangi ya kijani ni kutu ya shaba. Oili ndani ya plagi imepanda kupitia sensa iliyopasuka, na huweza kutambaa ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta, hivyo angalia upande wa pili pia. Pini iliyorudi nyuma nusu milimita hugusa gari likisimama na huachia likitikisika.

Usichomeke ncha ya multimita ndani ya pini ya kike. Inaipanua, na utakuwa umetengeneza hitilafu mpya. Tumia pini ya kiume ya saizi ileile: ichomeke na uivute polepole. Inatakiwa kung'ang'ania kidogo. Ikiteleza bila upinzani, pini ya kike imelegea na ndiyo unayoisaka.

Kipimo cha omu (ukinzani wa waya) hudanganya sana katika kazi hii. Waya wenye nyuzi 20, zikibaki moja tu nzima, bado utasoma karibu na sifuri. Waya unapimwa kwa kubebeshwa kazi. Chomoa ncha zote mbili, upande wa sensa na upande wa kompyuta, ili umeme wa betri usiguse vifaa hivyo. Pitisha volti 12 kwenye waya huo kuwasha balbu ya wati 5 kwa nyaya nyembamba za sensa, au ya wati 21 kwa nyaya nene za relei na pampu. Sasa kunja, vuta na tikisa waya kwa urefu wake wote. Balbu ikififia au kupepesa, umefika.

Baada ya hapo rudisha plagi zote, washa injini, weka skana kwenye data ya sensa husika na utikise nyaya kipande kwa kipande huku mwenzako akitazama kioo cha skana. Kama tatizo hutokea mvua ikinyesha, pulizia maji ukungu mwembamba juu ya plagi. Kama hutokea injini ikiwa ya moto, pasha plagi kwa hewa ya moto ya kadiri, si ya kuyeyusha plastiki.

Hatua ya 4: Rekodi safari

Kama bado hujaikamata, irudishe hali iliyo kwenye picha ya tukio. Mmoja aendeshe, mwingine ashike skana. Chagua vipimo vinne hadi sita tu. Ukichagua 30, skana itavizungukia kwa zamu na kila kimoja kitasomwa mara moja kwa sekunde kadhaa, na hitilafu ya nusu sekunde itapita katikati.

Katika kusoma rekodi, kanuni moja inatatua nusu ya kazi. Vitu vya asili hubadilika kwa mteremko: shinikizo la mafuta hushuka, joto hupanda, hewa hupungua, na kila kimoja kinahitaji muda. Umeme huruka. Joto la maji likitoka nyuzi 88 hadi hasi 40 katika kufumba na kufumbua, hakuna maji yaliyoganda. Waya umekatika kwa muda. Shinikizo la mafuta likishuka taratibu kutoka bar 1,400 hadi 900 ukiwa umekanyaga mpaka chini, hapo waya hauna kosa, mafuta hayatoshi.

Hatua ya 5: Mifumo inayosumbua zaidi

*Shinikizo la mafuta, P0087.* Msimbo huu ni wa shinikizo pungufu la mafuta. Linganisha shinikizo linaloombwa na kompyuta na lile lililopo. Injini nyingi za komoni reli (zenye bomba moja la shinikizo linalolisha injekta zote) hukaa kati ya bar 250 na 400 zikiwa zimesimama na kunguruma. Namba hizo mbili zikitofautiana tu chini ya mzigo, anza na filta: mwaga maji yaliyo chini yake, na kama umri wake haujulikani, weka mpya. Kisha weka ule mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu ya shinikizo. Mapovu machache dakika ya kwanza baada ya kufungua ni ya kawaida. Yakiendelea, hewa inaingia upande wa kuvuta. Upande huu hauvuji dizeli nje, kwa hiyo hutaona unyevu. Kagua raba za filta, pampu ya mkono na mipira iliyopasuka kwenye klipu.

Kuna dalili moja ya kukumbuka: gari linakosa nguvu, unasimama dakika tano, linarudi kama kawaida, kisha baada ya kilomita kadhaa linarudia. Huo ni uchafu ndani ya tanki. Hufyonzwa hadi kwenye mdomo wa bomba, na pampu ikitulia uchafu huo huanguka chini. Tundu la kupumulia tanki likiziba matokeo hufanana. Fungua kifuniko mara tu tatizo litokeapo na usikilize kama hewa inaingia kwa kishindo. Kuthibitisha, lisha injini kwa muda kutoka kwenye galoni safi iliyofungwa imara nje ya chumba cha injini, mbali na joto. Tatizo likitoweka, pampu na injekta hazina hatia.

Likibaki, angalia valvu ya kudhibiti mafuta kwenye pampu. Ikinata, mizunguko hupanda na kushuka injini ikiwa haijakanyagwa, na shinikizo huyumba nayo. Mwisho pima mafuta yanayorudi kutoka injekta: mpira na chupa kwa kila injekta, dakika chache za kunguruma, kisha linganisha. Inayojaza mara mbili ya wenzake inavuja ndani.

*Turbo, P0299 na P0234.* Ya kwanza ni hewa pungufu, ya pili ni hewa ya kupita kiasi. Swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, sensa ya shinikizo la manifoldi isome sawa na hewa ya nje: karibu kPa 100 usawa wa bahari, karibu 85 kwenye mita 1,500. Isiposoma hivyo, tatizo ni sensa au waya wake na turbo haijahusika. Ikiwa sawa, kagua mipira ya intakula (kipoza hewa ya turbo). Ufa ulio upande wa chini hujifunga gari likisimama na hufunguka hewa ikijaa. Alama yake ni utando wa oili na vumbi. Mipira myembamba ya vakyumu hupasuka kwenye ncha, na kukata sentimita moja na kuichomeka upya hutosha kama urefu unaruhusu. Misimbo yote miwili ikipokezana, shuku mabawa ya turbo yaliyonata kwa masizi, au motori inayoyasukuma.

*Sensa ya krenki, P0335.* Husoma mzunguko wa krenki, shafti kuu ya injini. Hii ndiyo sensa ambayo kweli hufa kwa kuja na kuondoka: injini inazimika ikiwa ya moto, inawaka ikipoa. Piga stata huku ukitazama mizunguko kwenye skana. Stata ikizungusha injini na skana bado inasoma 0, ishara ya krenki haifiki. Toa sensa, futa chembe za chuma zilizonasa kwenye sumaku yake, na uangalie waya wake usiwe umeegemea kitu cha moto kabla hujanunua nyingine.

*Kanyagio na swichi ya breki, P2138 na P0504.* Bonyeza kanyagio la mafuta polepole swichi ikiwa wazi. Njia zake mbili zipande pamoja bila kuruka. Katika magari mengi moja husoma karibu nusu ya nyingine. Swichi ya breki nayo ina ishara mbili ambazo lazima zibadilike pamoja. Ni kifaa kidogo cha bei nafuu ambacho huwasha taa ya injini na kunyima gari nguvu, na watu hukitafuta mwisho.

*EGR na filta ya masizi.* EGR ni valvu inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini. Kwa P0401 (moshi unaorudi ni mdogo), linganisha nafasi iliyoamriwa ya valvu na iliyopo. Masizi huifanya inate. Kwa P2002 (filta ya masizi haichuji inavyotakiwa), kabla ya kugusa filta yenyewe angalia mipira miwili ya sensa ya tofauti ya shinikizo, maana huyeyuka na kuziba. Injini ikizimwa sensa hiyo isome sifuri au karibu kabisa nayo.

Hatua ya 6: Tengeneza, kisha uthibitishe

Waya uliokatika unganisha kwa kiungo cha kubana chenye mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, kwa waya wa unene uleule. Lehemu hufanya kipande kigumu, na mtikisiko hukata waya pembeni yake. Nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kama za krenki au za mtandao wa kompyuta, zirudishe zikiwa zimesokotwa. Acha ulegevu pale injini inapotikisika.

Sasa ndipo unafuta misimbo. Rudia safari ileile: mzigo uleule, mlima uleule, joto lilelile la injini, na urekodi vipimo vilevile. Taa kutowaka katika safari moja si jibu, kwa kuwa kompyuta yenyewe husubiri safari ya pili. Fanya angalau tatu, na kila mara angalia misimbo inayosubiri, pamoja na ukurasa wa vipimo vilivyokamilika. Kipimo ambacho hakijafanyika hakiwezi kufeli.

Baada ya wiki mbili za kazi ya kawaida, fungua boneti uangalie mahali ulipofunga waya. Kama utepe umeanza kulika upande mmoja, waya bado unagusa chuma kilekile: hamisha njia yake sentimita chache na uufunge kwenye klipu mpya.